Neno Lisilo na Mwenyewe

Katika silaha zote walizotumia wanasiasa kutafutia kura, hapana iliyo nyepesi kuibeba na nzito kumwangukia mtu kama neno. Bunduki ina namba yake, na mwenyewe hujulikana. Fedha ina mkono ulioitoa na mkono ulioipokea. Amma neno, likishapita vinywani mwa watu watatu, halina mwenyewe tena. Ukimwuliza wa mwisho atakwambia, "Nimesikia wanasema." Ukimwuliza hao wanaosema ni akina nani, hana jibu, na wala haoni kuwa anadaiwa jibu.

Mabingwa wa biashara wa zama zetu wamelitafutia jambo hili jina. Wanaliita uuzaji wa kuambukiza, kwa kulifananisha na maradhi yanayotoka kwa mtu mmoja yakawaingia wawili, na kwa wawili yakawaingia wanne. Jina hilo lilipata umaarufu baina ya 1996 na 1997, na mfano uliotajwa sana ni wa Hotmail, huduma ya barua pepe iliyoanzishwa Marekani Julai 1996. Kila barua iliyoandikwa kwa huduma hiyo ilibeba chini yake mstari mmoja wa kumwalika mpokeaji naye afungue sanduku lake bure. Mwandishi wa barua hakulipwa kwa kazi hiyo. Alidhani anamsalimu rafiki yake, kumbe anauza bidhaa ya mtu mwingine. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, huduma hiyo ilipata watu wapatao milioni 12.

Siri ya mafanikio hayo haikuwa uzuri wa bidhaa peke yake. Siri ilikuwa kwamba mwaliko umekuja ndani ya barua ya rafiki. Mtu hupita mbele ya bango kubwa la barabarani asiligeukie, lakini neno la ndugu yake, jirani yake au mwenzake wa kazini hulisikiliza. Wanasiasa walipoliona hilo hawakuhitaji kufundishwa mara mbili. Na kwa hakika wao walikuwa wakilijua zamani, kabla ya barua pepe na kabla ya simu. Kwa hivyo inatupasa tutazame tarehe, tuone neno la namna hii limetumiwaje katika chaguzi, limeleta nini, na gharama yake imelipwa na nani.

Majeneza sita

Twende Marekani katika mwaka 1828. Waliogombea urais walikuwa wawili: John Quincy Adams, aliyekuwa madarakani, na Andrew Jackson, jemadari aliyepata sifa katika vita dhidi ya Waingereza. Haki ya kupiga kura ilikuwa imepanuliwa, na wanaume weupe wengi wasiokuwa na mali walikuwa sasa na kura. Haikuwa tena kazi ya kuwashawishi matajiri wachache katika mabaraza yao. Ilibidi kuufikia umma ulioenea katika nchi kubwa, na safari zilikuwa ni za farasi na mashua.

Chombo kilikuwapo tayari. Sheria ya posta ya 1792 iliwaruhusu wachapaji magazeti kupelekeana magazeti yao bila kulipa ada. Mhariri wa mji mdogo alipokea magazeti ya miji mingine, akakata habari iliyompendeza, akaichapa katika lake. Mwingine naye akaikata kutoka kwake. Habari moja iliweza kuizunguka nchi nzima, na kila mahali ikaonekana ni ya pale pale, imetolewa na mhariri ambaye watu wanamjua na kununua mkate duka moja naye.

Katika njia hiyo yakapita mazuri na machafu. Mchapaji mmoja wa Philadelphia, John Binns, alitoa karatasi iliyochorwa majeneza meusi sita juu yake. Majeneza hayo yalikuwa ya askari sita wa mgambo waliouawa 1815 kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi ambayo Jackson aliiidhinisha. Kisa kilikuwa na msingi wa kweli, lakini kilisimuliwa kwa namna ya kumwonyesha jemadari huyo kuwa ni mwuaji tu mwenye kiu ya damu. Karatasi hiyo ikaigwa, ikabadilishwa, ikachapwa tena na tena katika miji mbali mbali. Upande wa Jackson nao haukunyamaza. Walimzushia Adams kwamba alipokuwa balozi Urusi alimtafutia mfalme wa huko msichana. Hilo halikuwa na msingi.

Lakini lililoumiza zaidi lilimwangukia mtu asiyegombea chochote. Rachel, mke wa Jackson, alikuwa ameolewa kabla na mtu mwingine, na alipofunga ndoa na Jackson, talaka ya ndoa ya kwanza ilikuwa haijakamilika kisheria. Walipolijua hilo walifunga ndoa tena, mwaka 1794. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Mhariri mmoja wa Cincinnati, Charles Hammond, akalifufua, na likapita kutoka gazeti hadi gazeti, na kutoka meza hadi meza, mama wa watu akitajwa kwa jina la uzinifu mbele ya taifa zima.

Jackson alishinda kwa kura 178 za wajumbe dhidi ya 83. Tarehe 22 Desemba 1828, kabla hajaapishwa, mkewe alifariki dunia kwa maradhi ya moyo. Mpaka mwisho wa uhai wake Jackson aliamini kuwa waliomwua mkewe ni wale waliomkashifu. Tabibu angeweza kumbishia katika hilo. Lakini nani kati ya maelfu waliolirudia neno lile mezani aliyejiona kuwa na sehemu katika huzuni ya nyumba ile? Kila mmoja wao alikuwa amesema tu yale yaliyokuwa yakisemwa.

Banda la magogo

Miaka kumi na miwili baadaye, katika uchaguzi wa 1840, Wamarekani walijifunza somo la pili: kwamba hata uongo mtamu husafiri, tena watu huubeba kwa furaha.

Chama cha Whig kilimteua William Henry Harrison kushindana na Rais Martin Van Buren. Gazeti moja la wapinzani wake, huko Baltimore, likamfanyia dhihaka: mzee huyu mpeni pipa la pombe ya matofaa na kiinua mgongo chake, naye ataridhika kukaa katika banda lake la magogo. Kumbe dhihaka ile ilikuwa ni zawadi. Watu wa Whig waliinyakua, wakasema, naam, huyu ndiye mtu wa banda la magogo, mwenzenu nyinyi wakulima, na yule Van Buren ndiye anayekula kwa vyombo vya fahari.

Kuanzia hapo banda la magogo likawa kila mahali. Likajengwa juu ya magari ya farasi na kukokotwa katika maandamano, likachorwa katika vikombe na leso, na likapewa gazeti lenye jina lake, lililohaririwa na Horace Greeley na kuuzwa kwa makumi ya maelfu ya nakala. Zikatungwa nyimbo fupi zenye mapigo mepesi ambazo hata mtoto alizishika kwa kuzisikia mara moja. Watu wakatengeneza mipira mikubwa sana, wakaiandika maneno ya kampeni na kuivingirisha kwa miguu kutoka mji hadi mji. Hao wasukuma mpira hawakuwa watumishi wa chama. Walikuwa ni watu wa kawaida walioona raha kushiriki, na kila walipopita, wengine walitoka majumbani kuwapokea na kuusukuma mbele.

Na ukweli ulikuwaje? Harrison hakuzaliwa bandani. Alizaliwa Virginia katika nyumba kubwa ya shamba lenye watumwa, na baba yake, Benjamin Harrison, alikuwa mmoja wa waliotia saini Tangazo la Uhuru wa Marekani. Van Buren, aliyeambiwa ni bwana wa fahari, ndiye aliyekuwa mtoto wa mwenye mkahawa mdogo wa kijijini. Mambo yalikuwa yamepinduliwa juu chini.

Watu wapatao wanane katika kila kumi waliokuwa na haki ya kupiga kura walijitokeza. Harrison alipata kura 234 za wajumbe dhidi ya 60. Alikaa madarakani mwezi mmoja tu, akafariki 4 Aprili 1841, na nchi ikaingia mkononi mwa makamu wake, John Tyler, ambaye wapigakura walikuwa wakimjua zaidi kwa sababu jina lake lilikaa vizuri katika wimbo. Tyler akagombana na chama chake mwenyewe hata wakamfukuza. Walioimba wakaona kwamba walikuwa wamechagua wimbo, na serikali hawakuijua.

Wimbo wa Nairobi na ujumbe wa Madrid

Haifai, ndugu msomaji, kudhani kwamba kila neno lipitalo mkono kwa mkono ni baya. Lau tungesema hivyo tungekuwa tumewaziba watu midomo na kuwaachia wenye nguvu peke yao vipaza sauti. Yako maneno yaliyopita kwa njia hii yakawafaa wanyonge.

Kenya ilikuwa chini ya chama cha KANU tangu uhuru wa 1963. Mwaka 2002 vijana wawili wa Nairobi, Joseph Ogidi na Julius Owino, waliojulikana kwa jina la Gidi Gidi Maji Maji, walitoa wimbo wenye jina la "Unbwogable". Ni neno waliloliunda kwa kuchanganya Kijaluo na Kiingereza, na maana yake ni asiyetishika. Haukuwa wimbo wa chama. Lakini ulipigwa katika redio na matatu, vijana wakaushika, na mara watu wa makabila yote wakawa wanajiita kwa neno hilo. Upinzani uliokuwa umeungana katika NARC ukaona kwamba wimbo wao umekwisha kutungwa, nao wakauchukua. Tarehe 27 Desemba 2002 Mwai Kibaki alishinda kwa asilimia 62 hivi ya kura, na madaraka yakapokezanwa kwa amani. Neno moja lilikuwa limewatoa watu wengi khofu.

Wimbo ule ulihitaji redio na gari lenye spika. Mwaka mmoja na miezi kadha baadaye, huko Hispania, neno lilisafiri bila ya kuhitaji kitu ila simu ya mkononi. Tarehe 11 Machi 2004, siku tatu kabla ya uchaguzi mkuu, mabomu yalilipuka katika treni za Madrid na kuua watu zaidi ya 190. Serikali ya José María Aznar ilishikilia kwamba waliofanya hivyo ni ETA, kundi la Wabaski waliokuwa wakidai kujitenga, ilhali ushahidi uliokuwa ukikusanywa na polisi ulielekea kwingine, kwa watu waliodai kuitumikia dini ambayo inaharimisha kumwua asiye na hatia. Tarehe 13 Machi ilikuwa ni siku ya kutafakari, na sheria ilikataza kampeni. Siku hiyo ujumbe mfupi ukaanza kupita katika simu, ukiwaita watu wakusanyike mbele ya makao ya chama tawala kudai ukweli. Mwisho wake palikuwa na neno moja: pásalo, yaani upeleke mbele. Maelfu wakakusanyika. Kesho yake chama tawala kilishindwa, na José Luis Rodríguez Zapatero akawa waziri mkuu.

Wapo waliosema kwamba ujumbe ule ulikuwa ni ujanja wa wapinzani wa kuivunja sheria ya siku ya kutafakari. Wapo waliosema ilikuwa ni sauti ya raia waliochoka kudanganywa. Sisi hatuna haja ya kuamua baina yao. Tunaona tu kwamba mabomu hayakuwa ya ETA, na kwamba waliodai ukweli walikuwa na haki ya kuudai. Lakini tunaona pia jambo jingine: neno lile halikuwa na saini. Safari hii lilibeba dai la haki. Safari nyingine chombo hicho hicho kingebeba nini?

Simu zile zile

Jibu halikukawia, na lilikuja Kenya kwenyewe. Katika uchaguzi wa 27 Desemba 2007, nchi ambayo miaka mitano nyuma iliimba wimbo mmoja ilikuwa imegawanyika vipande viwili. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba na Kibaki akaapishwa jioni ile ile, moto ukawaka. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, na mamia ya maelfu walizihama nyumba zao.

Tume hiyo haikutaja mapanga na risasi tu. Ilitaja pia maneno: matangazo ya baadhi ya redio za lugha za makabila, na ujumbe wa simu uliopelekwa kabla na baada ya uchaguzi, ukiwaita watu kwa makabila yao, ukiwatisha, na kuwachochea wengine juu yao. Ujumbe wa namna hiyo mara nyingi haukuwa na jina la mwandishi. Lakini ulikuwa na jina la aliyekupelekea, naye alikuwa ni binamu yako, au mwenzako wa kanisani au msikitini, au mtu mliyesoma darasa moja. Hapo ndipo ulipokuwa uzito wake. Ungelikuja kutoka kwa mtu usiyemjua ungeufuta. Ulikuja kutoka kwa mtu unayemwamini, ukaingia na imani hiyo.

Serikali ilifikiria kuufunga ujumbe wa simu nchi nzima. Badala yake kampuni kubwa ya simu, Safaricom, iliwapelekea wateja wake ujumbe wa kuwaomba watulie na kuishi kwa amani. Katika mwaka huo huo wa 2008 ilitungwa sheria ya utangamano wa kitaifa, iliyofanya maneno ya chuki za kikabila kuwa ni kosa la jinai. Yote hayo yalifaa. Lakini sheria humkamata anayejulikana, na neno la namna hii kazi yake ya kwanza ni kumficha aliyelianza.

Walioona mbali zaidi walikuwa ni wafanyabiashara. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, Wakenya walipokezana katika simu zao picha za video zenye kutisha, zikionyesha nchi iliyoangamia kwa njaa na vita endapo mgombea fulani angeshinda. Desemba ya mwaka huo shirika la Privacy International la London lilichapisha uchunguzi uliozihusisha kampeni za mtandaoni za namna hiyo na Harris Media, kampuni ya matangazo ya Texas. Machi 2018 wakubwa wa kampuni nyingine, Cambridge Analytica ya Uingereza, walinaswa na kamera za siri za televisheni wakijisifu kwamba waliendesha kampeni za urais za Kenya za 2013 na 2017. Kampuni hiyo ilifungwa Mei 2018. Basi tazama: mtu wa Kisumu au Nyeri aliyempelekea shemeji yake video ile alidhani anamwonya kwa mapenzi. Hakujua kwamba huenda iliandaliwa ng'ambo, kwa malipo, na watu ambao nchi ikiwaka hawatausikia hata moshi wake.

Hata wenye mitambo walikiri kwamba kasi ile ina hatari. Baada ya watu kadha kuuawa India na makundi yaliyochochewa na uvumi, WhatsApp iliweka mpaka wa kupeleka ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mara moja, kwanza India 2018, kisha dunia nzima Januari 2019. Mwaka 2020 ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi uliwekewa mpaka wa mtu au kundi moja.

Nani kakwambia?

Huenda mtu akauliza: je, wahenga hawakusema kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja? Ndiyo, wamesema. Lakini methali hiyo inamwonya anayesemwa, ajichunge. Haikumpa ruhusa anayesema. Alisemwa Rachel, na ndoa yake ilikuwa imekwisha tengenezwa zaidi ya miaka thelathini. Ikasemwa juu ya banda la magogo, na halikuwapo.

Tarehe yetu wenyewe ina fundisho hapa. Baada ya kuuawa Khalifa Uthman mwaka 35 Hijria, yaani 656, Waislamu waligawanyika kwa makundi ya siasa, na wakatokea watu waliozua hadithi na kumsingizia Mtume, rehema na amani zimshukie, ili kuutukuza upande wao au kuudunisha wa wenzao. Muhammad bin Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 Hijria, ameeleza kwamba zamani watu hawakuwa wakiuliza habari ya wapokezi. Ilipotokea fitina ndipo walipoanza kudai watajiwe majina: nani kakwambia, na yeye kaambiwa na nani. Kutokana na dai hilo ilikua elimu nzima ya kuwachunguza wapokezi, ukweli wao, kumbukumbu zao, na kama kweli walikutana. Wale wanazuoni hawakuwakataza watu kusimulia. Walilirudishia neno mwenyewe wake.

Ni kazi hiyo hiyo tunayotakiwa kuifanya kila unapokaribia uchaguzi, na haihitaji ilimu kubwa. Kwanza, mtu amwulize aliyemletea habari: umeipata wapi? Akishindwa kujibu, habari na ikome hapo. Pili, ajiulize ni nani atakayefaidika ikienea, na kwa nini hakutia jina lake. Tatu, amfikirie yule anayetajwa ndani yake, kama angeweza kumsomea ana kwa ana bila ya kuona haya. Na ikiwa habari ni ya kweli na ina manufaa, basi aipeleke pamoja na jina lake na jina la aliyempa, ili yeyote atakayetaka kuihakikisha apate pa kuanzia.

Mgombea ana siku zake za kampeni, kisha hushinda au hushindwa, akaenda zake. Jirani hana pa kwenda. Neno tulilolipeleka juu yake jana usiku litamkuta kesho asubuhi kisimani, dukani na safuni, na sisi tutakuwa hapo hapo pamoja naye.